Baiskeli za changarawe: msitu, bahari na ziwa la Jilore

Wasomaji kadhaa wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Hawa watu wanaopita na baiskeli zenye usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo dume, wamefunga vifurushi kila pembe ya fremu, wakifika njia panda ya Gede wanaiacha lami na kuingia vumbini kwa hiari yao, wanatafuta nini? Fundi mmoja wa baiskeli pale Timboni alilisema kwa ufupi zaidi: "Bwana, sisi tunalilia lami miaka yote, wao wanaikimbia."

Swali ni zuri, na jibu lake linatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Tuanze na chombo chenyewe. Baiskeli ya changarawe ni ndugu wa kati. Kaka yake mmoja ni baiskeli ya mbio za lami, tairi lake jembamba, milimita 25 au 28, limejazwa hewa mpaka linakuwa gumu kama jiwe. Kaka wa pili ni baiskeli ya milimani, nzito, ina springi mbele na tairi nene lenye meno. Huyu wa kati ana mwili wa yule wa kwanza na viatu vya kukaribia vya yule wa pili. Tairi lake ni milimita 38 mpaka 50 hivi, hewa yake ni kidogo, breki zake ni za diski, na gia zake za chini ni nyepesi ili mtu apande kilima cha mawe bila kushuka. Siri kubwa iko kwenye hewa. Tairi lililojazwa sana huchimba mchanga kama jembe. Ukipunguza hewa linalala, uzito wako unasambaa, na unapita juu pale ambapo mwenzako anasukuma. Wengi wao pia hawatumii tyubu. Ndani ya tairi wametia maji mazito meupe ambayo mwiba ukitoboa yanakimbilia tundu na kuliziba yenyewe. Kwa nchi ya miba kama hii yetu, hilo peke yake ni neema.

Bei ya baiskeli mpya ya namna hiyo inaweza kukununulia pikipiki, kwa hiyo sikushauri uuze shamba. Na kwa kweli hatujafundishwa jambo geni hapa. Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma ya wazee wetu, yenye gurudumu la inchi 28 na karia ya kubebea gunia, imekuwa ikipita njia hizi hizi za moramu kabla mchezo haujapewa jina. Imebeba madumu ya maji, magunia ya korosho, wagonjwa na mabibi harusi. Tofauti ni kwamba mwenye Black Mamba alikuwa kazini, na huyu wa leo yuko matembezini.

Mchezo wenyewe ulivuma kutoka Marekani, katika majimbo ya mashamba ambako barabara za changarawe ni nyingi na magari ni machache. Pale Emporia, jimbo la Kansas, mwaka 2006 walianzisha mashindano ya maili 200, yaani zaidi ya kilomita 320, ambayo leo yanaitwa Unbound Gravel. Mwaka 2022 chama cha baiskeli duniani kikafanya ubingwa wa kwanza wa dunia wa changarawe kule Italia. Kenya haikuachwa nyuma: Migration Gravel Race ilikimbiwa Maasai Mara mara ya kwanza mwaka 2021, na vijana wetu wa timu ya Amani wakawekwa mstari mmoja na Wazungu wenye majina makubwa. Nahodha wao, Sule Kangangi, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Ninamtaja kwa sababu kiu yake ilikuwa kuwafungulia mlango Waafrika wa Mashariki katika mchezo huu, na mlango huo bado uko nusu wazi.

Sasa, kwa nini waje kwetu? Kwa sababu vitu vitatu ambavyo nchi nyingine vimetengana kwa siku nzima ya safari, hapa Kilifi vimekaa kama vyumba vya nyumba moja: msitu, bahari na ziwa. Ukizunguka kutoka Gede kwenda Jilore, ukashuka Malindi, ukarudi Watamu kwa njia ya pwani na kumalizia Gede, ni kilomita 70 mpaka 80 hivi, kutegemea vichochoro utakavyochagua. Mwenye mazoezi anamaliza kwa siku moja. Mwenye akili anachukua mbili.

Nianze na msitu. Arabuko-Sokoke una takriban kilomita 420 za mraba, na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Wengi wetu tunaujua kwa upande mmoja tu, ukuta wa kijani unaouona kupitia dirisha la matatu baina ya Mida na Gede. Mwenye baiskeli anaujua kwa udongo. Upande huu wa barabara kuu mchanga ni wa kijivu, na miti imechanganyika, mbambakofi akiwemo, yule yule aliyetengenezewa milango ya Lamu. Ukisonga magharibi mchanga unageuka mweupe, laini, na miti inafunguka. Hapo ndipo kwenye mirihi, na hapo ndipo miguu inapolia, maana tairi linazama. Endelea zaidi na ghafla ardhi inakuwa nyekundu na ngumu, mfunda umesongamana kiasi kwamba huoni hatua kumi pembeni. Kwenye wekundu huo baiskeli inakimbia yenyewe. Ninawaambia wanaoanza: mchanga mweupe nenda alfajiri au baada ya manyunyu kidogo, umande unaukaza. Adhuhuri ya Februari utausukuma tu.

Wanyama wake ni wadogo na wa ajabu. Yuko sengi mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama wa pua ndefu ambaye duniani kote makao yake makubwa ni msitu huu. Yuko bundi mdogo wa Sokoke, kimo chake kama kiganja cha mtu, anayekaa kwenye mifunda. Halafu yuko asiyekuwa mdogo: ndovu. Uzio wa umeme umewekwa ili asiingie mashambani, maana yake ukiingia ndani ya uzio wewe ndiye uliye kwake. Kwa hiyo ndani ya msitu usiende bila kupitia kituo cha Gede, ukalipa ada na kuchukua mwongozaji. Ndovu haogopi kengele ya baiskeli. Baiskeli haina mlio kama gari, unaweza kumtokea kwenye kona yeye mwenyewe hajakusikia, na hilo ndilo linalomkasirisha.

Asiyetaka ada wala ndovu ana njia ya ukingoni, nje ya uzio, inayopita katikati ya mashamba ya mahindi, mikorosho na miembe kuelekea Kakuyuni na mbele yake Jilore. Mimi binafsi naipenda hii kuliko ile ya ndani. Kulia kwako mtu anapalilia, kushoto msitu umesimama kimya, na baina yao pana waya tu. Katika vijiji vya ukingo huu kuna watu wanaofuga buu wa vipepeo na kuwauza kupitia mradi wa Kipepeo wa pale Gede, ulioanza mwaka 1993. Mabuu husafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Mtu aliyekuwa akiuona msitu kama kuni anauona sasa kama shamba lake la pili. Mgeni wa baiskeli akisimama hapo akanunua maji na kuuliza, tayari ameacha kitu kijijini.

Bahari nayo ina elimu yake, na hapa sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa na ramani yoyote. Kuna njia ya nyuma inayotoka upande wa Timboni, inapita Jacaranda na Chembe Kibabamshe mpaka Mayungu, kisha Casuarina na Malindi mjini. Ni vumbi la matumbawe, jeupe, gumu, la kuumiza macho wakati wa jua. Ukitaka unaweza kushuka ufukweni sehemu fulani, ila uwe unajua maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kuacha uwanja mpana wa mchanga mgumu ambao tairi la changarawe linapita kama juu ya sakafu. Siku za maji mafu uwanja huo ni mwembamba, na saa zake zimegeuka. Mgeni anayekwenda kwa kalenda ya ofisi atafika saa kumi ya siku ya bamvua, akute bahari imekaa mlangoni pa hoteli. Mvuvi yeyote atakwambia saa bila kutazama simu. Muulize, na umsalimu kwanza.

Upepo pia. Wakati wa kusi, Aprili mpaka Septemba, toka Watamu uende Malindi, unasukumwa mgongoni. Kaskazi ikija, geuza safari. Kilomita ishirini za kupigana na kusi usoni ni adhabu ambayo sijaona kitabu cha matembezi kinaitaja. Mchanga wa juu, penye majani, usipite na baiskeli kabisa, hasa Watamu, kwani huko kasa hutaga mayai, na hifadhi ya bahari ipo tangu mwaka 1968. Na ukifika nyumbani osha cheni kwa maji matamu usiku huo huo, kisha utie mafuta. Chumvi haingoji kesho.

Mida si ya kupita mbio. Mikoko, ndege wa kuhama kutoka Ulaya, na ile njia ya mbao iliyoning'inizwa juu ya mikoko ambayo kiingilio chake husaidia karo za sekondari kwa watoto wa jamii zinazozunguka msitu na hori. Acha baiskeli, tembea. Vilevile magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024: mji ulioishi kutoka karne ya 12 mpaka ya 17, una msikiti mkuu, visima na kasri, na tairi lako halina haja ndani yake.

Jilore ndiyo inayowashangaza hata Waswahili wenzangu. "Ziwa? Malindi kuna ziwa?" Lipo, kiasi cha kilomita ishirini magharibi ya mji, upande wa kaskazini ya msitu. Ni ziwa la mto: Sabaki ukifurika unalijaza, na mvua zikikatika miaka mfululizo linanywea mpaka watu wanapita kwa miguu palipokuwa na maji. Njia ya kuzunguka huko ni udongo wa bonde. Kiangazi ni mgumu wenye nyufa, masika ni gundi. Mwezi wa Mei tairi hukusanya tope mpaka gurudumu halizunguki ndani ya fremu, ukabaki kuibeba baiskeli badala yake kukubeba wewe. Nenda Julai mpaka Septemba, au Januari wakati maembe yangali mitini. Bonde la Sabaki lina mamba na viboko, kwa hiyo usishuke kuosha miguu wala tairi ukingoni. Asubuhi mapema utakuta wavuvi na ndege wengi kuliko watu. Hakuna hoteli. Kuna mama anayeuza chai na mahamri, ukiwa na bahati na mbaazi za nazi, na kuna kivuli cha mwembe. Kwa msafiri wa baiskeli hiyo ni hoteli tosha.

Kutoka Jilore kurudi mjini barabara ya kwenda lango la Sala ina malori. Kaa pembeni, au tafuta njia za mashambani zinazokwenda sambamba nayo. Na hapa ndipo hoja yangu inapoanzia.

Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi haimjui mwenye baiskeli. Kila anayeishi Gede, Msabaha au Dabaso anajua maziko yaliyotokana na ukingo wa lami ile. Njia ambazo mgeni anazitafuta kwa sababu ya mandhari ndizo ambazo mtoto wa shule anazihitaji kwa sababu ya uhai wake, na mama anayekwenda sokoni, na binti ambaye hapandi baiskeli barabarani kwa sababu ya macho na maneno ya watu lakini kwenye njia ya mashamba anapanda na mtandio wake bila wasiwasi. Ni njia za kale, za miguu, za punda, za Black Mamba. Hakuna aliyezichora. Na zinazibwa.

Mwaka jana nilikuwa natoka upande wa Mayungu na mpwa wangu. Kichochoro cha kwenda ufukweni nilichokipita tangu utoto kilikuwa na geti la chuma jipya. Askari, kijana mwenye adabu, akasema, "Samahani ami, hapa hapapitiki tena, ni pa mtu." Nikamuuliza wavuvi wanapita wapi. Akanyoosha mkono kusini, mbali. Simlaumu yeye, ameajiriwa kufunga geti. Ila mpwa wangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Kama ni pa mtu, sisi tulikuwa tunapita kwa nani?"

Sheria inasema hivi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ufukwe wenyewe, basi, hauna mwenyewe. Lakini Katiba haikupi bawa la kuruka kiwanja kilicho mbele yake. Unaufikia kwa njia, na njia hiyo inalindwa tu kama imeandikwa: kwenye ramani za upimaji zilizoko ofisi ya ardhi, au kwenye orodha ya barabara za umma. Kichochoro ambacho kinajulikana na kila mtu lakini hakimo katika karatasi yoyote ndicho kinachopata geti kwanza.

Wageni wa changarawe wametuletea silaha moja bila kujua. Wanasafiri kwa kufuata mstari kwenye simu, na programu zao nyingi zinachota njia kutoka OpenStreetMap, ramani huru ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kijana mwenye simu na baiskeli anaweza kupita kila njia kati ya Timboni na Mayungu kwa wiki moja na kuiweka hapo, na jina lake ambalo wazee wanaliita. Ramani hiyo si hati, mahakamani haitoshi peke yake. Lakini inaonyesha kwamba siku fulani njia ilikuwepo na watu walipita, na ni rahisi zaidi kumwendea mpimaji na mstari mkononi kuliko na malalamiko matupu.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo. Mstari kwenye simu haupigi hodi. Ukichorwa na mtu aliye mbali utampitisha mgeni uani mwa watu, makaburini, hata karibu na kaya za Wamijikenda ambako hata sisi wenyeji hatuingii bila ruhusa ya wazee. Hilo likitokea mara mbili tatu, wenye vijiji watafunga njia wao wenyewe, na watakuwa na haki. Kwa hiyo mchoraji awe mtoto wa hapa, anayejua pa kupita na pa kukata kona.

Na pesa? Ndogo ndogo, lakini zinabaki. Msafiri wa baiskeli hali chakula cha hoteli kilichofungwa kwa ukuta. Anaona njaa kila kilomita ishirini. Anahitaji maji, madafu, ndizi, chumba safi chenye neti, mtu wa kuziba pancha, na mwongozaji anayejua bamvua na ndovu. Mafundi wetu wanajua viraka na spoku. Breki za diski na tairi zisizo na tyubu wengi hawajazishika, na hilo ni somo la siku mbili si la miaka miwili. Chuo chochote cha ufundi hapa kaunti kingeweza kulifundisha.

Anayetaka kuanza, asianze na mzunguko mzima. Aende Gede mpaka Kakuyuni kwa njia ya ukingoni na kurudi, asubuhi ya Jumamosi, na baiskeli yoyote yenye tairi nene kidogo. Abebe lita mbili za maji, tyubu ya akiba, pampu, na kitambaa cha kufuta vumbi la uso kabla ya kumsalimu mtu. Njiani aandike kwenye daftari kila njia anayokuta: inaitwaje, inaanzia wapi, inaishia wapi, nani anaipita, na wazee wawili wanaoikumbuka. Ile ya Mayungu nimeshaiandika, na majina ya wazee watatu. Karatasi iko kwa mwakilishi wa wadi tangu mwezi uliopita, na nakala ya pili naipeleka ofisi ya ardhi Jumatatu.